Kushoto Mishindo, Kulia Lita

Mama alifundisha hesabu Buigiri miaka ishirini na tisa
na hakuona sababu ya kununua madaftari mawili
kwa kazi zinazofanyika ua mmoja.

Kurasa za kulia ni za mashine:
*Mzee Chibago, magunia manne, mashudu kachukua.*
*Mama Nhonya, gunia na nusu, atalipa Ijumaa.*
Ijumaa ipi, haikuandikwa.

Kurasa za kushoto ni za ngoma:
*Sechelela anawahi.*
*Mbeleje hupiga vizuri akiwa na hasira.*
*Tatu juu ya nne, nyamaza, tatu juu ya nne,*
maana mishindo ya muheme aliiandika kwa sehemu,
zilezile alizotufundisha darasa la nne
kwa kukata kiazi, na kiazi tukakila.

Ilikuwa Julai. Alizeti imejaa hadi barazani,
upepo unabisha kila dirisha na vumbi lake,
mgeni asiyependa kuja mikono mitupu.
Baba kwenye mashine, mgongo unamnung'unikia.
Yonathani kwenye mizani.
Mimi mwandishi; kidole cha kati kimepinda hadi leo.
Saa kumi na moja swichi inazimwa,
akina mama wanaketi palepale, kwenye harufu ya mbegu,
ngoma katikati ya magoti,
na Mama, vidole bado vina chaki,
anawahesabia kwa kidevu.

Mkanda wa mashine ulipokatika
ulilia kama mbuzi, mara moja, halafu kimya.
Foleni ya magunia ilikuwa imefika kwenye minyaa.
Ndani ya kopo la siagi kulikuwa na fedha za ngozi,
ngozi mbili za ng'ombe, za kuwamba ngoma zilizopasuka,
michango ya akina mama, noti zilizokunjwa
hadi zikawa ndogo kama punje za karanga.
Baba alilitazama kopo. Hakusema.
Mama alilitazama daftari.
Sijawahi kuona mtu akisoma ukurasa mtupu
kwa muda mrefu hivyo.

Akawaita. Akasema kwa sauti ya darasani,
ile ya siku tuliyokosea wote:
"Nakopa. Mwanangu, andika."
Nikaandika kushoto deni la kulia.
Mbeleje akasonya.
Mama akasema na msonyo niuandike.

Mkanda ulikuja na basi la jioni kutoka mjini.
Ngozi hazikuja.
Wakachukua madumu ya mafuta, yale ya njano,
lita ishirini, matupu, wakayabana magotini,
na siku ya kufungua zahanati walipiga hayo.
Kijana wa kamera alicheka mpaka akachuchumaa.
Mzee Chibago alifumba macho,
sijui kwa aibu, sijui kwa kusikiliza.
Dumu halisemi kama ngozi. Lina koo jembamba, linakohoa.
Lakini tatu juu ya nne ilikuwa tatu juu ya nne,
na Mbeleje, ambaye hasira yake haikuwa imelipwa,
alipiga hadi mganga mkuu akasahau hotuba.

Deni lilikaa miezi tisa.
Ngozi ya kwanza ililetwa na mteja asiye na pesa ya kukamulia.
Alikuja nayo kichwani, imekunjwa, inanuka, nzi wanaisindikiza.
Akauliza, "Mwalimu, hii inaingia upande gani?"
Mama akafungua daftari, akalifunga.
Akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona
ameshindwa hesabu.

Jana nimelitoa kabatini kutafuta jina la mtu.
Mafuta yamelowa karatasi miaka yote hii,
yameziacha kurasa nyepesi kama ngozi ya kitunguu.
Nikiinua moja dhidi ya dirisha
ili nisome magunia ya Mama Nhonya,
naisoma pamoja na kilicho nyuma yake:
gunia na nusu, nyamaza,
atalipa, tatu juu ya nne, Ijumaa.